Mikataba ya Miezi Sita

Asubuhi moja ya mwezi Mei 2015 mlinzi wa ofisi ndogo ya shirika letu la misaada mjini Kasulu, mkoani Kigoma, aliniletea gunia la sandarusi lililowahi kuwa na mchele, akaliegemeza kwenye mguu wa meza yangu na kuniambia kwa upole, "Dada, jana ulisema barua zisilale getini." Ndani mlikuwa na bahasha za kaki. Nyingine zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko wa kalamu ya wino wa bluu, nyingine zimefungwa kwa gundi ya ugali, na karibu zote zilikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji ikimtambulisha mwombaji kuwa ni mkazi halali na mwenye tabia njema. Nafasi tulizokuwa tumezitangaza zilikuwa 46. Nilianza kuzihesabu bahasha hizo, na nilipofika ya mia nne niliacha kuhesabu na kuanza kusoma.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa na vijana wanaomaliza vyuo, jinsi ya kuingia katika kazi ya rasilimali watu kwenye mashirika ya kimataifa ya misaada. Kwa kawaida nimekuwa nikijibu kwa ujumbe mfupi wa kuwatia moyo, jambo ambalo sasa naliona kuwa ni uvivu. Nitajaribu hapa kueleza kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu anayeijua ilivyo atajua pia namna ya kuingia, na huenda akaamua asiingie.

Mimi nilisoma Chuo Kikuu cha Mzumbe, nikafanya kazi miaka mitatu katika kiwanda kimoja Dar es Salaam, ambako nilijifunza kuandaa mishahara ya wafanyakazi wa zamu bila kukosea saa za ziada. Sikuwa najua lolote kuhusu wakimbizi. Nilichukuliwa Kasulu kama msaidizi wa rasilimali watu, kwa mkataba wa miezi sita, kwa sababu nilikuwa tayari kusafiri ndani ya siku nne na kwa sababu niliweza kueleza katika usaili tofauti ya mshahara ghafi na mshahara unaobaki mkononi baada ya makato. Yule aliyeniajiri aliniambia baadaye kwamba waombaji wengine walikuwa wamezungumza vizuri sana kuhusu huruma.

Hali ya Kigoma wakati huo inafaa kukumbukwa. Warundi walikuwa wakikimbia machafuko yaliyofuata hatua ya Rais Pierre Nkurunziza ya kugombea muhula wa tatu. Maelfu walikwama Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikawafuata hapo hapo ufukweni. Meli ya MV Liemba, ile ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawabeba hadi Kigoma mjini, wakapumzishwa katika uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapandishwa mabasi hadi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na ambayo tayari ilikuwa na watu wengi. Mwezi Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta ilifunguliwa upya wilayani Kibondo, na Januari 2016 ikafuata Mtendeli, wilayani Kakonko.

Picha zilizosambaa duniani zilionyesha mahema, matangi ya maji na madaktari. Lakini kila hema linasimamishwa na mtu, na kila mtu huyo ana mkataba, tarehe ya kuanza, namba ya NSSF, akaunti ya benki au hana, na ndugu wa kupigiwa simu akipatwa na jambo. Hayo yote yalikuwa mezani kwangu, pamoja na gunia.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa katika tangazo lenyewe la kazi. Nafasi za wahamasishaji wa afya nilizitangaza kwa kunakili maelezo yaliyotoka makao makuu: stashahada au shahada, Kiingereza kizuri cha kuzungumza na kuandika, uzoefu wa miaka miwili katika shirika la kimataifa. Nikapata vijana kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, wenye vyeti vilivyopangwa vizuri. Walipofika kambini hawakuweza kuzungumza na mama aliyetoka Makamba, Burundi, na mtoto anayeharisha. Wakati huo huo, ndani ya lile gunia, mlikuwa na barua za vijana wa Kiha wa Kasulu na Buhigwe, wengi wao wa kidato cha nne, ambao lugha yao ya nyumbani inakaribiana na Kirundi kiasi kwamba wanaelewana bila mkalimani. Sifa tuliyoihitaji kuliko zote haikuwamo katika tangazo. Tulitangaza upya baada ya wiki tatu, tukaondoa Kiingereza, tukaweka Kiha au Kirundi kuwa sharti, na nikalazimika kuwaeleza waliotoka Mwanza kwa nini hawakupita kipindi cha majaribio. Haikuwa haki kwao, na niliwaambia hivyo, ingawa haikuwasaidia.

Kisha kulikuwa na vimemo, yaani maombi ya watu wenye nafasi kwamba mtu wao apewe kazi. Anayedhani kwamba shirika lenye makao makuu Ulaya halipokei vimemo hajawahi kukaa wilayani. Kuna kimemo cha karatasi, kuna cha simu, na kuna cha mgeni wa heshima anayekuja kusalimia, akanywa chai, akauliza hali ya kazi, na wakati wa kuondoka akakumbuka kwamba ana kijana wake. Nilijifunza kutokataa kwa maneno makali. Niliandaa daftari la usaili ambalo kila mjumbe wa jopo aliandika alama zake kwa mkono na kusaini kabla hatujajadiliana, na kila aliyekuja kuuliza habari za kijana wake nilimfungulia ukurasa wake. Wengi walitazama, wakaguna, wakaondoka. Mmoja alinishukuru kwa sababu alikuwa hajui kama kijana huyo hakufika kabisa kwenye usaili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa moyo wa kazi hii. Afisa rasilimali watu ndiye mtu ofisini anayejua mshahara wa kila mmoja, na katika mashirika ya misaada kuujua mshahara wa kila mmoja ni mzigo wa aina yake. Nyarugusu, chini ya hema moja la zahanati, niliwahi kuwaona watu watatu wakimhudumia mtoto mmoja mgonjwa. Wa kwanza alikuwa muuguzi kutoka Ulaya, aliyelipwa kwa ngazi ya kimataifa, pamoja na nyumba, bima na tiketi ya mapumziko. Wa pili alikuwa muuguzi Mtanzania, aliyelipwa kwa ngazi ya kitaifa. Wa tatu alikuwa mkimbizi Mkongo aliyesomea uuguzi Bukavu, na yeye hakulipwa mshahara bali posho ya motisha, kwa kiwango ambacho mashirika yote kambini yalikuwa yamekubaliana ili yasinyang'anyane watu. Huyu wa tatu ndiye aliyekuwa na uzoefu mrefu kuliko wote, na ndiye aliyeuona mshipa wa mtoto yule wakati wengine wawili wameshindwa.

Tofauti hizo zina historia yake, na ni vyema kuijua kabla ya kuikasirikia. Katika Umoja wa Mataifa mishahara ya maafisa wa kimataifa inafuata kanuni ya Noblemaire, iliyotokana na kamati ya Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa, mwaka 1921, isemayo kwamba malipo yawe yale yanayoweza kumvutia hata raia wa nchi ambayo watumishi wake wa serikali wanalipwa vizuri kuliko wengine duniani. Wafanyakazi wanaoajiriwa papo hapo nchini wanafuata kanuni nyingine, ya Flemming, iliyotokana na kamati ya mwaka 1949, inayotaka walipwe kwa kulinganisha na waajiri bora wa mahali pale pale. Kila kanuni ikisomwa peke yake ina mantiki. Tatizo linaanza pale watu wa kanuni mbili wanapokaa meza moja na kufanya kazi ile ile, na mashirika yasiyo ya kiserikali, ambayo hayafungwi na kanuni hizo lakini yanaziiga, yamerithi tatizo hilo bila kurithi maelezo yake. Na kwa mkimbizi hakuna kanuni yoyote kati ya hizo mbili, kwa sababu Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka akae katika eneo lililotengwa, na ajira rasmi kwake ni mlango uliofungwa kwa sehemu kubwa.

Siwezi kudai kwamba niliuondoa ukuta huo. Nilichoweza kufanya ni mambo madogo: kuhakikisha posho ya motisha inalipwa tarehe ile ile inayolipwa mishahara na si wiki mbili baadaye, kama ilivyokuwa mazoea, kuwapa wahudumu wakimbizi barua za utambulisho wa kazi waliyofanya, zenye majukumu yaliyoandikwa kikamilifu, ili zije ziwafae popote watakapopelekwa, na kufuatilia kwa karibu mpango wa urithishaji. Huu wa mwisho una nguvu ya kisheria. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri anayeomba kibali cha kazi cha mgeni aonyeshe jinsi Mtanzania atakavyoandaliwa kuishika nafasi hiyo. Nimeona mipango hiyo ikiandikwa kwa dakika ishirini ili kibali kitoke, na kisha ikasahauliwa kabatini. Nilipoanza kuitoa kabatini kila robo mwaka na kumuuliza mgeni husika amemfundisha nini mwenzake, sikupendwa sana, lakini nafasi mbili zilishikwa na Watanzania kabla kibali hakijaisha.

Mwaka 2016 ndipo nilipofanya kosa ambalo bado nalikumbuka kwa aibu. Nilikuwa nikiandaa mishahara ya ofisi mbili, Kasulu na Kibondo, katika jedwali moja la Excel, na katika kuongeza safu mpya ya makato nikasogeza safu ya posho ya mazingira magumu kwa madereva wa Kibondo, ikaangukia sifuri. Jumla ilionekana sawa kwa macho. Mishahara ikaenda benki. Siku mbili baadaye dereva mmoja wa makamo, aliyeajiriwa kule kule Kibondo, alikuja Kasulu na gari la ofisi, akaegesha, akanawa mikono na uso bombani, ndipo akaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mshahara wangu umepungua. Nimekuja kuuliza nimekosa nini."

Hakuuliza kama kuna makosa ya hesabu. Aliuliza amekosa nini yeye. Alikuwa amekaa siku mbili akikagua safari zake zote za mwezi mzima, akitafuta ni lini alichelewa, ni nani alimjibu vibaya, kwa sababu kwa mtu wa mkataba wa miezi sita kupungua kwa mshahara ni dalili kwamba mkataba hautaendelezwa. Nilimwonyesha jedwali, nikamwonyesha kosa langu, nikalipa madereva wote tofauti yao kesho yake. Tangu siku hiyo kila mwezi huwa nalinganisha mishahara ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, jina kwa jina, na kila tofauti lazima iwe na barua inayoieleza. Hakuna chuo kilichonifundisha hivyo. Yule mzee naye akanunua kikokotoo, na kila mwezi akawa anapiga hesabu yake mwenyewe kabla ya kusaini.

Huo mkataba wa miezi sita unahitaji aya yake. Makao makuu yalituma kielelezo kimoja cha mkataba kwa nchi zote, wa muda maalumu, kwa sababu fedha za mfadhili zilikuja kwa miezi sita au mwaka. Kwa mtazamo wa bajeti ni jambo la busara. Lakini nilipoketi jioni moja kusoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na simu haikuwa na mtandao, nilifika kifungu cha 14, ambacho kilikuwa kinaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wanataaluma na kada ya menejimenti. Walinzi, wapishi, wasafishaji na madereva hawakuwa wanataaluma kwa maana ya sheria hiyo. Nikaendelea hadi kifungu cha 42, kilichohusu kiinua mgongo, yaani malipo ya mfanyakazi anayeachishwa kazi, na nikaona kwamba mfanyakazi ambaye mkataba wake umeisha kwa kufika mwisho wa muda wake hapati. Maana yake ilikuwa kwamba mpishi aliyetupikia miaka mitatu kwa mikataba sita angeondoka na mshahara wa mwezi wa mwisho na mkono wa kwaheri.

Niliandika ukurasa mmoja na nusu kwa mkurugenzi wa nchi. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba mashirika yote yanafanya hivyo. Hilo lilikuwa kweli kwa kiasi kikubwa, na halikuwa hoja mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi. Jibu la pili, baada ya wakili kusoma, lilikuwa kwamba tuandae mikataba mipya. Ilichukua miezi saba. Wafanyakazi 31 wa kada za chini walipata mikataba isiyo na ukomo wa muda, ikiwa na kipengele kinachoeleza wazi kwamba nafasi inategemea fedha za mradi na kwamba fedha zikiisha utaratibu wa kupunguza wafanyakazi utafuatwa. Anayesoma leo ajue kwamba Bunge limefanya marekebisho katika sheria za kazi mwaka 2025, hivyo asitegemee kumbukumbu zangu bali asome toleo jipya. Ninachotaka kueleza ni kwamba ukurasa ule mmoja na nusu ndio uliojenga jina langu. Ulifika ofisi ya kanda Nairobi, na mtu fulani kule akauliza ni nani aliyeandika.

Yapo mambo mengine ya kusoma, nayo nitayapitia haraka. Mwaka 2002 ilibainika Afrika Magharibi kwamba baadhi ya watoa misaada walikuwa wakibadilishana chakula na ngono na wasichana wakimbizi, na mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa waraka wa kupiga marufuku unyonyaji huo, ambao hadi leo ndio msingi wa kanuni za maadili tunazowasainisha watu siku ya kwanza ya kazi. Tangu 2019 upo pia mpango wa mashirika kupeana taarifa za utovu wa nidhamu, ili aliyefukuzwa Liberia kwa kosa hilo asiajiriwe Kigoma mwezi unaofuata kwa barua nzuri ya mdhamini aliyemchagua mwenyewe. Kipo Kiwango cha Msingi cha Kibinadamu (kwa Kiingereza Core Humanitarian Standard), kilichozinduliwa Desemba 2014, ambacho moja ya ahadi zake tisa inahusu wafanyakazi kuwezeshwa kufanya kazi yao na kutendewa haki. Soma hicho. Ni kifupi, na katika usaili wa nafasi yoyote ya kimataifa utaulizwa.

Hukumu ya Oslo inastahili muda zaidi. Tarehe 29 Juni 2012 msafara wa Norwegian Refugee Council, shirika la misaada la Norway, ulishambuliwa Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi nchini Kenya. Dereva mmoja Mkenya aliuawa, na wafanyakazi wanne wa kimataifa walitekwa na kuvushwa hadi Somalia, wakaokolewa baada ya siku nne. Mmoja wao, Steve Dennis, raia wa Kanada, aliishtaki asasi hiyo, na mwezi Novemba 2015 mahakama ya wilaya ya Oslo iliamua kwamba mwajiri alikuwa mzembe kwa kiwango kikubwa na amlipe fidia. Mpaka siku hiyo mashirika mengi yalichukulia usalama wa wafanyakazi kama jambo la moyo mwema. Baada yake likawa jambo la mahakamani. Mimi nilikuwa mbali na ngazi za maamuzi, lakini niliona fomu zikibadilika. Fomu ya taarifa za mfanyakazi, ambayo mwanzo ilikuwa na mstari mmoja wa "ndugu wa karibu", ikawa na kurasa tatu.

Niliwajazisha fomu hiyo wafanyakazi wote wa Kibondo, mmoja mmoja, kwa wiki mbili, na nakiri kwamba sijawahi kujifunza mengi kuhusu watu kwa muda mfupi kama ule. Kuna aliyekuwa na wake wawili na hakujua aandike yupi apigiwe kwanza. Kuna aliyeandika namba ya mchungaji wake kwa sababu mama yake ana presha na hataki aambiwe na mtu asiyemjua. Kuna kijana aliyeuliza kama akiuawa shirika litasafirisha mwili hadi Newala au utaishia Kigoma mjini, na nikalazimika kusema kwamba sera inazungumzia kurudisha mwili "nchini kwao" kwa wageni, na haisemi chochote kuhusu Mtanzania aliyekufa kilomita zaidi ya elfu moja kutoka kwao. Tuliongeza kwenye sera sentensi inayomhusu Mtanzania huyo. Katika ile kesi ya Dadaab aliyekufa alikuwa dereva wa nchi yenyewe, na kwa kawaida ndivyo inavyokuwa, maana idadi kubwa ya wafanyakazi wa misaada wanaouawa ni raia wa nchi ambako kazi inafanyika.

Mwaka 2019 nilikwenda Juba kwa mkataba wa kimataifa, na mambo yakageuka. Sasa mimi ndiye niliyekuwa na chumba katika uzio wenye walinzi, mapumziko ya lazima kila wiki nane, tiketi ya ndege, na mshahara kwa dola wakati wenzangu Wasudani Kusini wakilia na mfumuko wa bei. Nilizoea kulalamika kuhusu wageni. Juba nilikuwa mgeni mimi, na nilishangaa jinsi mtu anavyozoea upesi kiyoyozi na kuanza kukiita haki. Msaidizi wangu, msichana aliyerudi kutoka Kakuma, kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alikosomea, aliniuliza siku moja kwa Kiswahili safi cha kambini kama kweli kazi yangu ni ngumu kuliko yake mara tano. Nilijibu kwamba hapana. Akasema, "Sawa dada, nilitaka kusikia utakavyojibu," akaendelea kupanga mafaili.

Kwa anayetaka kuvuka kutoka mkataba wa kitaifa kwenda wa kimataifa, njia si nyingi lakini zipo. Ndani ya Umoja wa Mataifa ngazi ya G ni ya wasaidizi na NO ni ya maafisa wa kitaifa, na kuruka kutoka huko hadi P, ngazi ya maafisa wa kimataifa, ni mchakato wa ushindani kama wa mtu wa nje. Hakuna kupandishwa tu kwa sababu umekaa miaka kumi. Nafasi za kujitolea za Umoja wa Mataifa, UNV, zimekuwa daraja kwa wengi niwajuao. Katika mashirika yasiyo ya kiserikali daraja ni kazi za muda za dharura: miezi mitatu hapa, mitatu pale, mahali ambapo wengine hawataki kwenda. Kifaransa kinalipa kuliko shahada ya pili, kwa sababu Kongo, Burundi, Chad na Afrika ya Kati zinahitaji watu daima, na Mtanzania au Mkenya mwenye Kifaransa pamoja na Kiswahili anaweza kufanya usaili wa mlinzi wa Goma na wa mkurugenzi wa Kinshasa siku moja. Mimi Kifaransa changu ni cha kuomba radhi, na kimenikosesha nafasi mbili.

Nilirudi Tanzania mwaka 2022 kuongoza kitengo katika shirika lile lile. Tayari wakimbizi wengi wa Burundi walikuwa wamerejea kwao, Mtendeli ilikuwa imefungwa tangu Desemba 2021, na ofisi ya Kibondo ilipunguzwa, baadhi ya wafanyakazi wake wakahamishiwa Kasulu. Ijumaa tarehe 24 Januari 2025 ilitoka Washington amri ya kusimamisha kazi kwenye miradi inayofadhiliwa na Marekani. Ilipotufikia, mfadhili alitaka tusitumie hata senti moja zaidi, na sheria ya nchi ilitutaka, kabla ya kupunguza mtu yeyote, tutoe taarifa ya kusudio, tueleze sababu, tushauriane na wafanyakazi kuhusu njia za kuepusha au kupunguza, na vigezo vya kuchagua wa kuondoka. Amri ilikuwa ya siku ile ile. Sheria haina siku ile ile.

Nilikaa mwishoni mwa wiki na mhasibu tukipiga hesabu ya kila mtu: mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hajachukua, siku 28 za notisi, kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili hadi miaka kumi, cheti cha utumishi. Shirika lililazimika kutumia akiba yake. Wale 31, waliobaki wakiwa 19, walikuwa na haki ya kiinua mgongo kwa sababu ya ule ukurasa mmoja na nusu, na makao makuu hayakukosa kunikumbusha gharama yake. Vikao vya mashauriano tulivifanya katika ukumbi wa chakula. Katika kikao cha pili wafanyakazi wenyewe walipendekeza waliokaribia kustaafu waondoke kwanza kwa hiari yao ili vijana wawili wenye watoto wachanga wabaki hadi Machi, wazo ambalo lisingenijia.

Yule mzee dereva alikuwa miongoni mwao. Alipoitwa kusaini aliingia na miwani ya kusomea na kikokotoo chake cha mwaka 2016, kilichofungwa kwa mpira nyuma mahali pa betri. Alisoma karatasi mstari kwa mstari. Akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena. Likizo ilikuwa sawa. Notisi ilikuwa sawa. Kiinua mgongo kilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho, akanitazama juu ya miwani na kutikisa kichwa kidogo, na nilihisi kama mtoto aliyepewa tiki nyekundu.

Kisha akaweka kidole mwishoni mwa ukurasa.

"Binti yangu, mimi mliniajiri Kibondo. Mkanihamishia hapa. Nauli ya kunirudisha mimi na mama na mizigo yetu sijaiona."

Nikafungua faili lake. Barua ya ajira, Novemba 2015, kituo cha kazi Kibondo. Kifungu cha 43 kilisema hivyo hivyo, mwajiri amrudishe mfanyakazi na familia yake mahali alikoajiriwa au alipe nauli. Nilichapisha karatasi upya, nikaongeza mstari, naye akasubiri wino ukauke ndipo akasaini.